Dhamana ya Mwimbaji Mwanamume Mbele ya Hadhira

Katika Nyamwaga na vijiji vya Wakurya vilivyoizunguka, mwanamume aliyeketi nyuma ya litungu hakuulizwa na mtu kama yeye ni mwanamume kamili. Na swali hilo, ambalo leo humwandama karibu kila kijana apandaye jukwaani na kipaza sauti mkononi, ndilo ninalotaka kulichambua, maana jawabu lake limo katika mpango wa onyesho kuliko lilivyomo katika maneno ya wimbo.

Litungu ni ala kubwa ya nyuzi nane, yenye mngurumo mzito wa chini, na mpigaji wake huketi kitako, mikono yote miwili ikiwa kazini, akaimba kwa sauti iliyo jirani na usemi wa kawaida. Kiwiliwili chake hutulia. Wanaotikisika ni wachezaji, wenye manyoya ya mbuni vichwani na viatu vizito vya mbao miguuni, ambavyo kishindo chake ardhini ni sehemu ya muziki wenyewe. Kazi imegawanywa kwa hekima: koo ni la mmoja, miili ni ya wengine, hata mwimbaji akisifu, akilaumu au akiomboleza kwa huzuni ya kutoa machozi, macho ya hadhira hayamkodolei yeye.

La ajabu zaidi ni mapambo. Wazee wa Kikurya wa zamani walitoboa masikio, wakazitanua ndewe zao hata zikaning'inia, wakajipamba kwa shanga, na yote hayo yakahesabiwa kuwa fahari ya mwanamume. Ilhali mjukuu wao akivaa hereni moja ndogo huambiwa kwamba amejigeuza mwanamke. Pambo halikubadilika sana. Kilichobadilika ni dhamana. Mzee yule alikuwa amekwisha kupita katika tohara mbele ya jamii nzima, rika lake linajulikana, na wenziwe wa rika hilo ni mashahidi wake mpaka kaburini, kwa hiyo alifika uwanjani akiwa na uanaume uliokwisha kuthibitishwa, akawa huru kujipamba na kulia.

Pwani nako palikuwa na dhamana ya namna yake. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, aliimba mapenzi kwa sauti laini maisha yake yote akiwa na udi mapajani, na heshima yake haikupungua kwa hilo, kwani ala ile na utulivu wa kikao vilikuwa stara yake.

Kipaza sauti kimeiondoa stara hiyo. Mikono imeachwa wazi, miguu imepewa jukwaa zima, na mbele wamesimama maelfu wasiojua rika la mwimbaji wala ukoo wake. Basi imempasa atoe ushahidi wa uanaume wake papo hapo, kwa mwili wake mwenyewe, na ushahidi ulio rahisi kutoa ni kiuno, wacheza shoo wa kike na wimbo wa kujisifia ushindi wa kitandani. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa kukiuka maadili. Desemba, walipouimba jukwaani katika jiji hilo hilo la Mwanza, baraza likawazuia kufanya maonyesho kabisa, na zuio halikuondolewa ila Januari 2019. Sisemi kwamba baraza halikuwa na haki ya kulinda murua. Nasema kwamba kijana wa kipaza sauti anashitakiwa katika mahakama mbili kwa makosa yanayopingana: serikali humwadhibu kwa kuzidisha uanaume, na mtaa humwadhibu kwa kuupungukiwa, akivaa hereni, akisuka nywele au akipandisha sauti juu, na kila akitaka kujisafisha mbele ya mtaa, hujitia hatiani mbele ya baraza. Jambo hili lanisikitisha, kwa kuwa wengi wao wana vipaji adhimu.

Nimeona pia kwamba kijana aimbaye huku akipiga gitaa lake mwenyewe husumbuliwa kwa uchache, ajapokuwa na hereni sikioni, na nadhani sababu ni kuwa mikono yake ina kazi, na macho ya watu yamepata mahali pa kutua pasipokuwa kiunoni mwake.