Mota inayotembea na msukuma guta

Soko likishachanganya, katika Mtaa wa Kongo pale Kariakoo humkuti dereva wa guta amekaa kitini. Ameshuka, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye marobota, anasukuma huku akiomba njia. Tunapozungumzia kufunga mota kwenye guta au baiskeli ya mizigo, wengi huuliza itakimbia kiasi gani. Kwa Kariakoo swali zito ni jingine: mota itamsaidiaje mtu anayetembea kando yake, katikati ya watu, bila kumvuta wala kumgonga aliye mbele?

Waliounda baiskeli za umeme Ulaya na Japani wamelifanyia kazi jambo hili kwa kina. Sheria ya Ujerumani inaruhusu mota isukume bila pedali kukanyagwa, mradi isizidi kilomita 6 kwa saa. Kwenye mitambo ya Bosch na Shimano msaada huo unaendeshwa kwa kitufe karibu na mpini. Ukikishikilia, baiskeli inasogea. Ukikiachia, mota inakata. Ugumu wenyewe uko ndani ya kontrola, kifaa kinachoamua mota ipate umeme kiasi gani.

Lakini tuanze na mota. Tuchukue guta la kilo 300 pamoja na mzigo wake, juu ya lami tambarare, likienda kilomita 4 kwa saa. Kushinda msuguano wa matairi kunahitaji kama wati 50 tu. Kwenye mwinuko wa asilimia 5, mahitaji yanapanda hadi zaidi kidogo ya wati 200. Kwa hesabu hiyo, mota ya wati 250 ingeonekana kutosha. Tatizo ni kwamba kwa mwendo wa miguu, hata nguvu ndogo huhitaji msokoto (nguvu ya kuzungusha) mkubwa: gurudumu la inchi 28 kwenye mwinuko huo linataka karibu nyutonimita 67. Mota ndogo ya kwenye kitovu cha gurudumu, isiyo na giya, itapata tabu kuufikia msokoto huo, na ikizunguka polepole sehemu kubwa ya umeme wake inageuka joto kwenye nyaya za shaba. Kwa kazi hii mota yenye giya ndani ndiyo inayofaa, hata kama wati zilizoandikwa juu yake ni zilezile.

Hata ukipata mota sahihi, kontrola lazima ijue guta linakwenda kasi gani. Baiskeli nyingi zina sumaku moja kwenye spoku na sensa moja kwenye fremu, yaani ishara moja kwa kila mzunguko. Ukiendesha barabarani, hiyo inatosha. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, gurudumu lenye mzingo wa mita 2.2 linatoa ishara moja kila baada ya sekunde mbili. Katika sekunde hizo mtu ameshapiga hatua tatu au nne, na kontrola bado inaamini habari za zamani. Dawa ni kusoma mzunguko wa mota yenyewe. Hata mota isiyo na giya, yenye jozi 23 za sumaku na sensa tatu ndani, hutoa ishara 138 kwa mzunguko, sawa na ishara moja kila sentimita moja na nusu ya barabara.

Mota ikikaa kwenye pedali, giya nazo zinaingia kwenye hesabu. Kwa mzunguko uleule wa mota, ukihama kutoka giya ya meno 20 hadi ya meno 10 nyuma, kasi ya gurudumu inakuwa maradufu. Ndiyo maana Shimano, kwenye baiskeli zenye giya za umeme, hupanga kasi na kiwango cha msaada kulingana na giya iliyopo.

Hatari kubwa kuliko zote inatokea gurudumu linapokwama kwenye ukingo wa lami au shimo. Kasi inashuka hadi sifuri. Kontrola iliyoandikwa kwa haraka inaona pengo kati ya kasi inayotakiwa na iliyopo, inaongeza mkondo, na kila sehemu ya sekunde inajumlisha pengo hilo juu ya lililotangulia. Gurudumu likivuka, deni lote linalipwa kwa mpigo mmoja: guta linaruka mbele, miguuni mwa mama aliyeinama kuchagua vitenge. Kuweka kikomo cha kilomita 6 hakuzuii mruko huo, kwa sababu madhara yanatokea kabla kasi haijafika huko.

Kinachouzuia ni mambo mawili. Mkondo upande taratibu hata msukumaji akiona mota inachelewa, na ule mjumlisho wa pengo ufutwe mara gurudumu linaposimama. Ikipita sekunde moja mkondo ukiwa juu na gurudumu halijasogea, mota ikate yenyewe, kisha msukumaji abonyeze upya. Swichi ya breki nayo ikate umeme papo hapo. Kwenye mteremko kuelekea Jangwani breki nzuri haina mbadala, kwani mota nyingi zenye giya huteleza bure guta linapozisukuma kutoka nyuma.

Nawaomba mafundi: msifunge mshikio wa kuzungusha wa pikipiki kwenye guta litakalosukumwa sokoni. Msukumaji akijikwaa, mkono wake unauzungusha zaidi. Kitufe cha kushikilia kinaachiwa. Na kabla ya kumkabidhi mteja, lipakieni mzigo kamili, liwekeni tairi kwenye ukingo wa lami, washeni msaada, kisha pimeni linaruka sentimita ngapi likishavuka. Likiruka zaidi ya hatua moja ya mtu, lirudi karakana.