Sauti ya Malkia Chini ya Nyasi

Kurekodi ndege ni kazi ngumu, lakini ndege angalau anataka asikike. Sisimizi ni habari nyingine. Sauti yake haitoki kinywani. Mgongoni mwa tumbo lake pana mistari myembamba iliyosongamana, na anapolichezesha tumbo, ncha ngumu iliyo mbele yake huikwaruza mistari hiyo, kama ukucha unaopitishwa kwenye meno ya kitana. Ni sauti hafifu mno kwa masikio yetu. Tena ukimbana ili umrekodi, atakachotoa ni kelele ya hofu tu, na hofu haikuelezi anavyoishi siku zote na wenzake.

Kwa hiyo naistahi sana kazi ya Francesca Barbero na wenzake wa Chuo Kikuu cha Turin, Italia, pamoja na Jeremy Thomas wa Oxford, iliyochapishwa katika jarida la Science mwaka 2009. Walitumia maikrofoni ndogo sana, wakawarekodi sisimizi wa jamii ya Myrmica wakiwa wametulia. Ikabainika kwamba malkia ana sauti yake, na wafanyakazi wana yao. Kisha wakawachezea wafanyakazi sauti ya malkia kwa kispika kidogo. Wafanyakazi wakaja, wakapanda juu ya kispika, wakasimama hapo vipapasio vimenyooshwa na taya zimeachama, wakikilinda.

Sasa mlete kipepeo. Yuko mmoja wa Ulaya, Maculinea rebeli, ambaye kiwavi wake huanza maisha kwenye ua, akaanguka chini, na sisimizi wakambeba hadi kiotani wakidhani ni wao. Humlisha mdomo kwa mdomo. Kwamba anaiga harufu yao lilikuwa jambo linalojulikana. Lakini harufu peke yake haikueleza kwa nini kiota kikivurugwa huokolewa yeye kwanza, wala kwa nini njaa ikiingia sisimizi huwaua watoto wao wenyewe ili yeye ale. Rekodi zilitoa jibu: kiwavi, na hata pupa wake, hutoa sauti inayofanana na ya malkia. Aliyekaa na kusikiliza hivyo, bila papara, ndiye aliyepata siri ambayo macho yasingeipata.

Faida ya kumchunguza mdudu kwa subira namna hii si ndogo kwa uhifadhi. Ndugu wa Maculinea rebeli, kipepeo mkubwa wa buluu, alitoweka Uingereza mwaka 1979. Watu walikuwa wamewalaumu wakusanyaji na kuzungushia maeneo yake uzio. Mifugo ikakosa kulisha humo, nyasi zikarefuka, udongo ukapoa, na sisimizi ambaye kipepeo huyo anamhitaji, Myrmica sabuleti, akapungua. Ni Thomas huyohuyo aliyeligundua hilo, baada ya miaka ya kumfuatilia kipepeo huyo nyasini. Mwaka 1983 kipepeo alianza kurudishwa kwa mbegu kutoka Sweden, na leo anaruka tena kwenye vilima vya Somerset, ambako mifugo hulishwa kwa mpango ili nyasi zibaki fupi.

Kwa hiyo wewe uliye kwenye uhifadhi na una kinasa sauti mkononi: usikielekeze juu mitini tu. Kilaze chini pia, uwaache wadudu watulie, ndipo urekodi.