Kutoka Unguja Hadi Maskati: Hesabu ya Masafa na Saa

Mtu atakaye kujua masafa ya ndege baina ya kiwanja cha Unguja na kile cha Maskati hahitaji zaidi ya namba nne: Unguja iko nyuzi 6 na dakika 13 kusini ya Istiwai, na nyuzi 39 na dakika 13 mashariki, Maskati iko nyuzi 23 na dakika 36 kaskazini, na nyuzi 58 na dakika 17 mashariki. Na kwa kuwa Istiwai imepita kati ya miji hii miwili, latitudo zake hujumlishwa, wala hazitolewi, kosa ambalo huwaponza wanafunzi wengi. Tukapata nyuzi 29 na dakika 49. Longitudo, kwa kuwa zote ni za mashariki, hutolewa, tukapata nyuzi 19 na dakika 4.

Hapa ndipo panapodhihiri hekima ya mabaharia, ambao waliifanya dakika moja ya duara kuu la dunia kuwa maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Basi kwenda kaskazini ni maili 1,789. Kwenda mashariki dakika ni 1,144, lakini mistari ya longitudo hukaribiana kadiri iendavyo nchani, kwa hiyo twazidisha kwa kosaini ya latitudo ya katikati, ambayo ni 0.9885, zikabaki maili 1,131. Tukitumia kanuni ya Pythagoras twapata maili 2,116, ilhali hesabu kamili ya tufe hutoa 2,109, sawa na kilomita 3,900 na kitu kidogo. Tofauti ya maili saba tu! Wala tusighurike: njia hiyohiyo ya mkato, ikitumiwa baina ya London na New York, hupotea kwa zaidi ya maili 100, kwani huko juu mistari imekwisha kubanana sana.

Mstari huo ulionyooka huvuka Istiwai karibu na Kismayu, hukata bara la Wasomali na Ghuba ya Aden, kisha huingia Oman kwa upande wa Dhofar. Jahazi, ambalo halina budi kuizunguka Ras Asir, hutembea maili zisizopungua 2,200, tena kwa kungoja kusi ilipeleke na kaskazi ilirudishe. Na ni katika njia hiyo ya baharini, akitoka Maskati kuja Unguja, ndipo Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alipofariki mwaka 1856.

Masafa ni jambo la yakini. Muda ni makadirio juu ya makadirio. Ndege ya jeti ikienda kilomita 830 kwa saa, masafa yetu huliwa kwa saa nne na dakika 42; upepo wa mbele wa kilomita 50 kwa saa ukiikabili njia nzima, huwa saa tano kamili. Ongeza kutambaa kiwanjani, kupanda taratibu, kushuka, na njia za anga zisizonyooka kama uzi, na katika hali ya upepo mtulivu utafikia kama saa tano na robo.

Kisha yaja saa ya ukutani, kwani Maskati imeitangulia Unguja kwa saa moja. Abiria aliyeondoka saa sita mchana atatua saa kumi na mbili na robo ya huko, na ikiwa ni mwezi wa Disemba ataikuta Magharibi imekwisha adhiniwa, hali nyumbani kwao Unguja jua lingali juu.