Ya Lini Hii?

Mteja akiingia baa ya mjini huuliza kuna bia gani. Kwenye kilabu cha mbege huku Uru, juu ya mji wa Moshi, swali ni jingine: "Ya lini hii?" Jumamosi moja nililisikia kwa wazee watatu, mmoja baada ya mwingine, wote wakiwa bado hawajakaa kwenye benchi. Mama mwenye kilabu aliwajibu bila kuinua macho kwenye ndoo aliyokuwa akiikoroga: "Ya leo, baba." Wazee wakaketi.

Kwetu Tanga mtoto hukua akisikia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimeishika methali hiyo miaka yote, na mbele ya mtu anayetengeneza kinywaji kwa mkono wake huwa nafunga mdomo. Kwa mama huyu nimeshindwa. Nilifika kwake tangu Ijumaa, nikakaa jikoni siku mbili, na ninachotaka kukisifu zaidi ni hesabu yake ya siku. Ladha ya mbege yake imetoka humo.

Mbege ina ndizi mbivu, ulezi uliooteshwa na gome la msesewe, na kila kimoja kina mwendo wake. Ndizi ndizo zinazotangulia. Ndizi mchare ni za supu ya mtori; kwa pombe yeye hutumia ndizi ng'ombe, na zikipungua huongezea kisukari. Mikungu hukatwa ingali mibichi, ikavundikwa shimoni chini ya majani makavu ya mgomba kwa muda wa wiki moja, mpaka wanga ugeuke sukari na harufu ianze kutoka yenyewe. Wakati wa kumenya, kila ndizi hupita kwenye kidole gumba chake. Iliyo ngumu huwekwa pembeni, kwa sababu moja mbichi, alisema, hukaa kwenye pombe kama jiwe kwenye wali. Maganda huenda kwa ng'ombe aliye zizini hatua kumi kutoka jikoni, na samadi ya ng'ombe huyo hurudi kwenye shina la mgomba. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu wa vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayoizunguka nyumba, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu hapahapa Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Mama yeye huutambua kila anapomwaga beseni la maganda.

Ndizi zilizomenywa hupikwa kuanzia asubuhi mpaka jua lipinduke, zikapondeka na kugeuka rangi ya udongo mwekundu. Kisha humiminwa kwenye pipa, hufunikwa, na huachwa zichachuke. Siku ya nne ndizi hizo huitwa nyangaa. Hamira hainunuliwi. Imo hewani, imo kwenye majani, na imo kwenye kuta za pipa lenyewe, ambalo huoshwa kwa maji tu, bila sabuni.

Ijumaa hiyo alinivuta mkono akaniambia nitege sikio pipani. Nikasikia sauti ndogo ya manyunyu yanapoangukia majani makavu ya mgomba, tiki tiki tiki, bila kukatika. "Inasema," alisema. Akaeleza kwamba ikinyamaza kabla ya siku yake, ujue baridi imeingia, na hapo yeye hulizungushia pipa magunia, au hulisogeza karibu na mafiga. Juni na Julai, ukungu ukishuka kutoka msituni, siku nne huwa tano, hata sita. Kalenda hana. Ana sikio, na kila alfajiri hulipeleka pipani kabla ya kuwasha moto wa chai.

Wakati ndizi zinasema pipani, ulezi unaota. Huloweshwa usiku mmoja, hufungwa kwenye gunia lenye unyevu, na siku ya tatu kila punje huwa imetoa kimkia cheupe. Hapo huanikwa juani, ukikauka husagwa, na unga wake ndio kimea, nacho hupikwa uji. Punje inapoota huamsha ndani yake kile kinachovunja wanga kuwa sukari, ili mche mchanga upate chakula. Mpishi humwahi mche. Akikawia siku moja, mche utakuwa umeshaila ile sukari; akiharakisha, uji utapoa bila utamu. Alinionyesha mkia anaoutaka kwa kuuweka juu ya ukucha wa kidole chake kidogo: usizidi urefu wa punje yenyewe. Akatupa ile punje kwenye beseni pamoja na nyingine, akaendelea.

Kisha msesewe. Huu ni mti wa kandokando ya mito, wataalamu huuita Rauvolfia caffra, na gome lake ni chungu kiasi cha kufunga ulimi. Ndio unaoipa mbege uchungu wake, kazi ile ile ambayo hopsi hufanya kwenye bia ya kiwandani. Ni wa ukoo mmoja na mti wa Asia uliowapa madaktari dawa ya shinikizo la damu, kwa hiyo si kiungo cha kumimina kwa kukisia. Uji wa ulezi ulipokuwa ukitokota, mama alichota unga wa gome kwa ncha za vidole vitatu, akaunyunyiza kwa kuzungusha, akakoroga kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Akadondosha tone la uji mgongoni mwa mkono, akalilamba, akafumba macho. Tukasubiri. Akachota tena, safari hii kwa vidole viwili. Akalamba. "Bado kidogo." Mara ya tatu kilikuwa kidole gumba na cha shahada tu, kama mtu anayetia chumvi kwenye yai. Hakuna kijiko kilichoingia kazini, na nilipomuuliza kipimo akanijibu kwamba magome hayalingani: la mti mzee ni kali kuliko la mti kijana, na la kiangazi ni kali kuliko la masika. Kipimo cha kijiko kingemdanganya kila mara.

Alasiri nyangaa iliongezwa maji, ikachujwa kwa nyasi kavu zilizoshindiliwa kwenye chujio, machicha yakaenda kwa nguruwe wa jirani, na maji yake ya ndizi yakaungana na uji uliopoa. Jioni ile nilipewa nionje. Ilikuwa tamu, nzito, yenye harufu ya ndizi, bado changa kabisa. "Usiku ndio wenye kazi iliyobaki," alisema, akafunika.

Jumamosi alfajiri kinywaji kilikuwa kingine. Povu la hudhurungi lilikuwa limepanda, chembe za ulezi zikielea juu na kuzama. Alichota kwa kata, kile kibuyu chenye mpini, akanywa yeye kwanza mbele ya watu, kama desturi inavyotaka, ndipo akampa mzee wa karibu. Kata ikazunguka. Ilipofika kwangu nilikutana na utamu mwanzoni, uchachu katikati, na mwisho kabisa, nyuma ya ulimi, uchungu wa msesewe uliokaa pale pale ulipowekwa na vidole viwili.

Jumapili mbege hii itakuwa kali. Jumatatu itakuwa imechacha, wa kuinywa hatakuwapo. Hapo ndipo nilipoelewa swali la wazee, na ndipo nilipoelewa kwa nini Wachaga wameifanya kuwa kinywaji cha mahari, cha kupatana baada ya ugomvi, cha kumaliza kazi ya mfereji. Chupa ya bia humsubiri mnywaji kwenye friji mwezi mzima. Mbege haimsubiri mtu. Anayeipika lazima ajue watu wanakuja lini, na watu lazima waje siku hiyo. Ufundi wa mama huyu umo katika kulenga siku moja kutoka umbali wa karibu wiki mbili, akiwa na ndizi zinazoiva kwa hiari yao, ulezi unaoota kwa hiari yake na baridi ya mlima isiyouliza mtu, na kuipata.

Mchana nilimwomba anifungie lita tano nimpelekee mjomba Tanga, mpenzi wa mnazi ambaye hajawahi kuonja mbege. Akakataa. Ingeendelea kuchachuka njiani, alisema. Dumu lingevimba ndani ya basi, na kitakachofika Tanga mjomba angekilaumu, na yeye mama asingekuwepo kujitetea.

"Mlete aje. Anaweza lini?"

Nikasema labda Jumamosi ya wiki mbili zijazo. Akaweka kata chini, akaanza kuhesabu kwa vidole, akirudi nyuma: Ijumaa kuchanganya, Jumatatu kupika ndizi, kabla ya hapo wiki nzima ya kuvundika. Alipomaliza aligeuka kuitazama migomba yake nyuma ya nyumba, akichagua kwa macho.

"Basi mikungu naikata keshokutwa," alisema. "Mwambie asichelewe."