Mtani Asiyejibiwa: Jioni ya Televisheni Mjini Bariadi

Sisi wa visiwani tuna kiburi chetu katika jambo la televisheni. Zanzibar ilianza kurusha picha, tena za rangi, mwaka 1973; Tanzania Bara ikangoja hadi 1994. Kwa hivyo nilipoketi sebuleni kwa mwenyeji wangu mjini Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, nilijihesabu mtazamaji mkongwe. Jioni ile ilinifunza adabu.

Stesheni ilikuwa imepanga mambo mawili: kwanza filamu ya kumbukumbu juu ya uhuru na Muungano, kisha vichekesho vya zamani. Sahani ya michembe na karanga ilikuwa katikati yetu. Babu wa nyumba ile, ambaye wajukuu humwita Guku, alikaa karibu kabisa na kioo kwa kuwa macho yake yamepungua nuru.

Filamu ilipita njia iliyozoeleka: kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954, safari ya Nyerere Umoja wa Mataifa mwaka 1955, bendera mpya tarehe 9 Disemba 1961. Sauti ya msimulizi ilikuwa nzito, haina shaka na neno lolote. Guku alisikiliza hadi mwisho wa sehemu ile, kisha akaiuliza televisheni, si sisi: "Na mizani je?"

Sijapata kusikia tahakiki fupi kuliko hiyo. Kwa wakulima wa Usukuma, siasa ilianzia kwenye mizani ya pamba. Walipochoka kupunjwa na wanunuzi, waliweka watu wao wa kusimamia upimaji. Hapo vikachipuka vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya Paul Bomani. Serikali ya kikoloni iliuogopa mwamko wa huko hata ikayapiga marufuku matawi ya TANU katika nchi ya Wasukuma tangu 1954 hadi 1958. Filamu isiyoyataja hayo haikusema uongo. Imesimulia mambo ya Dar es Salaam na kuyaita ya nchi nzima. Nilikuwa naanza kumwonea Guku huruma, mara zamu yangu ikafika: Januari 1964 ya kwetu ilipita kwa dakika mbili, kwa sauti ile ile, na nyuso zote zilizoonekana hazikutajwa majina.

Vikafuata vichekesho. Cha kwanza kilikuwa cha marehemu Amri Athumani, King Majuto wa Tanga (1948–2018), na sebule nzima ilicheka. Majuto aghalabu huigiza mzee mchoyo, mwenye tamaa, ajionaye mjanja. Mwisho wa mambo aibu humrudia mwenyewe. Anayechekwa ni mwenye amri ndani ya nyumba, na kila nyumba inaye wake.

Cha pili sitakitaja jina. Mtu wa shamba ameingia mjini, anaburura Kiswahili chenye lafudhi ya Kisukuma, na kichekesho chote kimo katika lafudhi hiyo. Wajukuu walicheka. Guku hakucheka, wala hakukasirika. Alisema tu, "Huyu hajui Kisukuma."

Mzaha huo una ukoo mrefu. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, serikali ya kikoloni ilishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili. Katika mojawapo, Muhogo Mchungu, mshamba aliyeingia mjini aliigizwa na Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Mwigizaji alipanda daraja. Mshamba wake yungali kiooni hadi leo.

Watetezi watasema huo ni utani, na Watanzania ni watani. Sikubali. Wanyamwezi na Wasukuma wametaniana na Wazaramo wa pwani tangu enzi za misafara, hata msibani, kwa sharti kwamba anayetaniwa ana haki ya kujibu. Mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu huko Usukumani yamesimama juu ya sharti hilo: kundi moja likiimba kejeli, la pili nalo limo uwanjani na zamu yake, na watu ndio waamuzi. Televisheni hutania ikaondoka zake. Filamu ya kumbukumbu nayo husimulia ikaondoka. Hilo ndilo kosa moja lililoziunganisha sehemu mbili za jioni ile.

Nami si msafi. Kwa miaka mingi nimetafsiri tamthilia, na kila nilipomkuta mtumishi mjinga katika matini ya kigeni, nilimvisha lafudhi ya bara, kwa kuwa masikio ya Unguja huicheka haraka. Mkuki kwa nguruwe. Tangu nirudi nimezifungua upya tafsiri hizo. Mtumishi mmoja nimekwisha kumpa Kiswahili kilicho sawa na cha bwana wake, na ajabu ni kwamba sasa anachekesha zaidi, maana hatimaye anajibu. Wamebaki wawili.