Bwana Mkubwa wa Tanga na Ua Lake

Sina haja ya kumtakasa Walter von Saint Paul-Illaire. Alikuwa mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Mjerumani, na boma lilikuwa boma: amri, kodi, ardhi ya watu kugeuzwa mashamba ya walowezi. Ila mtu huyu alikuwa na ufundi ninaousifu. Alijua kuchungulia nyufa za mawe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, kwenye miamba ya chokaa karibu na mji wa Tanga na huko juu katika misitu ya Usambara, aliona mmea mfupi wenye maua ya zambarau. Wenyeji walikuwa wakipita hapo tangu zama za mababu. Hata kwa Wazungu hakuwa wa kwanza: John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Unguja, aliupeleka kwenye bustani za mimea za Kew, Uingereza, mwaka 1884, na mmisionari W. E. Taylor akafuata mwaka 1887. Vielelezo vyao vilivyokaushwa havikutosha kuueleza.

Kukausha mmea huonekana kazi rahisi mpaka uijaribu kwenye unyevu wa Usambara. Karatasi hubadilishwa tena na tena, la sivyo ukungu unakutangulia. Rangi huandikwa ua likiwa bado bichi, maana likishakauka hufifia. Kielelezo kisicho na ua wala tunda humwacha mtaalamu akibahatisha tu.

Lakini alichompelekea Saint Paul baba yake, Ulrich, huko Ujerumani, kiliota. Ulrich akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akauita Saintpaulia ionantha. Mmea wenyewe nao ni mkarimu: kata jani lake nene lenye vinyweleo pamoja na kikonyo, lichomeke kwenye mchanga wenye majimaji, na baada ya wiki kadhaa vichipukizi hujitokeza hapo chini. Ndiyo maana umejaa madirishani Ulaya na Marekani, huku msituni kwao aina kadhaa zimebanwa kwenye vipande vidogo vya msitu usiokatwa.

Bwana huyuhuyu alichapisha kitabu cha kujifunzia Kiswahili mwaka 1890. Sikio lake, nadhani, lilikuwa na subira ileile ya jicho, ingawa yote mawili yalimfaa pia katika kutawala.

Mwaka 2015 wanasayansi waliiingiza Saintpaulia ndani ya jenasi Streptocarpus, jina la bwana mkubwa likashushwa daraja. Wauza maua wengi wameendelea na lile la zamani.