Kiungo-ishara si Njia ya Mkato: Tatizo la Istilahi Moja

Miongozo inayokiita kiungo-ishara "njia ya mkato" inapotosha. Njia ya mkato ya Windows ni faili la kawaida linalofasiriwa na kiolesura. Kiungo-ishara hufuatwa na mfumo wenyewe. Unix haiulizi kama kinacholengwa ni faili au folda. Windows, iliyopokea viungo hivyo katika toleo la Vista, hutaka hilo lielezwe kiungo kinapoundwa, na kwa kawaida hudai idhini ya msimamizi. Git ikizimiwa uwezo wa kuviunda huacha faili la matini lenye anwani tu. Mtafiti afunguapo kongoo yake hukuta mstari mmoja (nasi yametukuta). Programu ya kusawazisha mifumo hulazimika kutenganisha kile ambacho istilahi yetu inakichanganya. "Njia ya mkato" ibaki kwa Windows pekee.